Waya wa Ardhi Chini ya Kitanda Chako

Ikonge, jioni, Sabato ikitoka

Ombati mwanangu,

Jua limezama na Sabato imekwisha, ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe na Kwamboka bado mko Suneka mkiwaaga wakwe zako, na kwa ninavyomjua baba yake Kwamboka, hatawaachia mpaka mle mara ya pili. Hapa nyumbani kuna mvua nyembamba tangu alasiri. Nimechoka, Ombati. Ijumaa nzima nililala chali chini ya karavani nikifunga waya za taa, na mgongo wangu bado haujanisamehe.

Sikuandikii ili nikuambie mtakula nini njiani, au mtoto afunikwe vipi kwenye baridi ya Narok. Hayo mama yako ameyamaliza, na atakayokuwa ameyasahau atayapigia kelele kesho lori likitoka. Nina jambo moja tu, ingawa najijua, nitazunguka sana kabla ya kulifikia.

Bora nilitaje kabisa. Kesho alfajiri mnaondoka kuwafuata wapimaji wa barabara, wewe ukiendesha lori lao na kuvuta karavani nyuma. Mtaishi ndani ya nyumba hiyo ya magurudumu, wewe na mkeo na Moraa ambaye hata kukaa hajajua, mpaka kazi ya barabara itakapofika mpaka wa Tanganyika. Humo ndani kuna waya mmoja ambao sijui kama umefungwa sawasawa. Ukiwa umelegea, siku moja mtu wa nyumba yako atashika mlango na atakufa. Waya huo uko chini ya kitanda chako, hauonekani kutoka nje, na mimi siwezi kuingia kuutazama.

Najua utacheka kidogo ukisoma hapo, kwa sababu karavani hiyo nimeitengeneza mimi. Bwana mpimaji aliponiletea ilikuwa na sakafu iliyooza na waya zilizotafunwa na panya, na kwa miezi nimeingia na kutoka humo kama jikoni kwa mama yako. Humo ndani nilikuwa nimebakiza huo waya tu, niumalize Jumatano. Lakini Jumanne mlikuja mmelowa, paa la nyumba yako likawa linavuja, mama yako akawatandikia humo bila kuniuliza. Asubuhi nilikuja na spana mkononi nikaona leso ya Kwamboka imeanikwa dirishani. Nikageuka nikarudi, nikakuachia wewe uufunge.

Ungekuwa mzaliwa wa kwingine ningelazimika kukueleza. Wewe huhitaji. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hakioni kitanda chake, wala hakitaji mbele yake. Hiyo ndiyo chinsoni yetu, heshima na haya vikiwa kitu kimoja. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeacha pombe na matambiko, na bado miguu yangu iligoma mlangoni kwako. Swali la kama nyumba yenye magurudumu ni nyumba halikunichukua muda. Watu wamelala humo na mtoto wao, basi ni nyumba.

Ndiyo sababu pia nakuandikia kwa Kiswahili. Kazi hii nilijifunza kwa Kiswahili, na kwa Ekegusii nisingeweza kuandika neno kitanda mara ngapi sijui kama nilivyokwisha kufanya hapa. Kiswahili si lugha ya mama yangu, kwa hiyo hakinitazami vibaya.

Aliyenifundisha alikuwa dereva wa Mombasa, Mzee Athumani, aliyefika Kisii na lori la tajiri mmoja akaoa hapa mjini na hakurudi tena pwani. Nilikuwa kijana kuliko wewe sasa. Tulikuwa tunamvuta bwana mmoja wa kuua nzige na karavani yake, kutoka Kisii hadi Keroka hadi Sotik, popote nzige waliposikika. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha na kuachanisha. Niliipenda, na niliifanya kwa bidii ya mtu anayetaka aonekane.

Bidii hiyo ndiyo iliyoniponza mara ya kwanza. Niliona kile kichwa cha chuma nyuma ya lori, kinachobeba shingo ya karavani, kimekauka na kinalia, basi nikakipaka grisi nyingi, nikakipaka tena mpaka kikang'aa. Usiku huo kwenye mteremko wa Keroka taa za nyuma za karavani zikaanza kupepesa. Mzee Athumani akikanyaga breki, zinazimika zote. Lori la mahindi lililokuwa nyuma yetu lilikwepa kwa bahati tu, likaingia mtaroni.

Kumbe karavani ile haikuwa na waya wa kurudishia umeme kwenye lori. Aliyeitengeneza aliacha umeme urudi kupitia kile kichwa cha chuma, na mimi nikaja nikajaza grisi katikati. Nilitarajia Mzee Athumani anipige. Aliniambia tu nikae chini, akanionyesha kwa kidole: umeme huenda na lazima urudi, na ukiunyima njia yake utatafuta njia nyingine. Akasema chuma cha kuvutia kimepewa kazi ya kuvuta, kisipewe kazi ya pili. Ndiyo maana kwenye plagi yako kubwa, ile inayounganisha karavani na lori, kuna waya mnene mweupe unaorudi moja kwa moja hadi kwenye betri ya lori. Taa zote zikififia pamoja, au ukiwasha indiketa ya kushoto ukaona na taa ya breki inapepesa nayo, usihangaike na balbu. Tazama huo mweupe kwanza.

Mengine madogo nilijifunza kwa aibu tu. Kuna usiku tulilala karibu na mto Mara nikaacha plagi imechomekwa, na yule bwana akasoma kitabu kwa taa ya karavani mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi betri ya lori ilikuwa imekufa. Tulisukumwa na vijana wa Kimasai waliokuwa wakichunga, wakacheka njia nzima, na walikuwa na haki. Mkisimama kulala, chomoa. Karavani ina betri yake, ijitegemee.

Lakini hayo ni ya umeme wa lori. Umeme huo ukikosea unakuacha gizani, unakuaibisha, basi. Umeme wa nyumba ni mwingine kabisa. Huko mwendako, kambi kubwa zina injini za dizeli zinazowasha nyumba za wakubwa, na mtaruhusiwa kuvuta kebo mpaka kwenye karavani, na Kwamboka atafurahi kuwa na taa kubwa na pasi. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Unaujua mkono wa kulia wa mama yako, ule usiokunjika vizuri. Habari yake umeisikia kutoka kwake, na yeye huisimulia kwa kifupi na kwa huruma. Acha uisikie kwangu.

Tulikuwa tumepiga kambi kwenye misheni moja yenye injini ya umeme, nyuma kule upande wa Sotik. Mama yako alikuwa ameniletea chakula kutoka nyumbani, siku nzima kwa miguu, tulikuwa tumeoana karibuni. Mimi nilikuwa nimeunganisha karavani na umeme wa misheni. Waya wa ardhi, ule unaofunga mwili wa chuma wa karavani na ardhi yenyewe, niliukuta umetoka kwenye bolti yake. Nikausogeza ukagusa chuma. Nikachukua balbu ya kupimia, nikapima, ikawaka, nikaridhika. Bwana alikuwa anadai chai na mimi nilikuwa na mke mpya wa kumwonyesha jinsi ninavyowasha taa.

Tukala. Kulinyesha. Jioni mimi nikiwa ndani, nimeegemea ukuta wa bati kabisa, mama yako akaja na sufuria, miguu mitupu kwenye nyasi mbichi, akashika mkono wa mlango. Kumbe watu walikuwa wameingia na kutoka, sakafu imetikisika, na ule waya ukaanguka tena. Na waya mwingine ndani ya ukuta ulikuwa umechubuka na kugusa bati. Mwili mzima wa karavani ulikuwa na umeme, na mimi nimeuegemea na sihisi kitu, kwa kuwa nilisimama juu ya mbao kavu na umeme haukuwa na pa kupitia kwangu. Kwake ulikuwa na njia nzuri, kutoka mkononi hadi kwenye nyasi.

Nilimwona anatetemeka na hasemi. Nilidhani ananitania. Nilicheka, Ombati. Hilo mama yako halitaji anaposimulia, na sijui kama hakulisikia au amenihurumia miaka yote hii. Aliyemwokoa ni mpishi wa misheni aliyekuwa anajua, akakimbia kuzima injini. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka ndani. Tangu siku hiyo hagusi kitu chochote chenye waya, na mimi sina uso wa kumwomba aguse.

Ndiyo maana sikumtuma yeye aingie kwako akaangalie.

Nimejaribu njia zote za kukaa nje. Jana kabla jua halijazama nilikuuliza kutoka dirishani, unakumbuka. Nilisema, "Ule waya wa ardhi umeufunga?"

Ukasema, "Nimefunga, tata."

"Umeufunga wapi?"

Ukanyamaza, kwa sababu Kwamboka alikuwa ameketi papo hapo juu yake akimnyonyesha mtoto. Kisha ukasema, "Pale pake." Nami nikaitikia nikaondoka, kwa sababu swali lingine lolote lingetulazimisha kukitaja kitanda, sisi watatu, mchana kweupe. Haya yetu ikatufunga midomo, na waya ukabaki huko chini bila mtu wa kuuzungumzia.

Nikapima kwa nje pia. Nilichukua betri na balbu, ncha moja kwenye tundu la ardhi la plagi, nyingine kwenye fremu, na balbu ikawaka vizuri. Mtu mwingine angeridhika. Lakini mimi niliwahi kuridhika na balbu kama hiyo. Waya uliolazwa tu juu ya chuma huwasha balbu sawa na waya uliokazwa kwa nati. Tofauti yake utaijua baada ya mashimo ya barabara ya Narok, siku mkeo atakapotoka kufua nguo na mikono yake ina maji.

Leo kutwa nimekaa kanisani nikiwaza spana. Mchungaji alihubiri na sikumbuki hata neno. Nilifikiri nikungoje urudi nikuulize tena, lakini najua utakavyojibu, na najua kwamba nitakubali jibu lako kwa mdomo, kisha nitabaki hapa miaka miwili nikishtuka kila mtu akija na taarifa. Nilifikiri pia nikuandikie jinsi ya kukaza, uangalie mwenyewe huko mbele. Ndivyo nilivyokusudia barua hii iwe. Kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, weka washa ya meno, ile pete inayouma chuma, kaza nati moja, kaza ya pili juu yake.

Lakini nimeandika mpaka hapa na moyo wangu haujatulia. Naacha kidogo.

*

Nimerudi. Mikono yangu ina matope kidogo, utaniwia radhi kwa karatasi.

Ombati, nimeingia nyumbani kwako.

Niliposimama kutoka hapa mezani mama yako alikuwa jikoni. Aliniona nimechukua kurunzi na spana, akajua. Alinifuata mpaka uani na leso kichwani, na mvua ile ile. Hakunizuia. Alisema tu, "Baba Ombati, ukiingia humo hutaweza kutoka kama ulivyokuwa."

Nikamwambia, "Naujua waya huo kuliko ninavyojua kitu kingine chochote."

Akasema, "Sikuulizi habari za waya."

Kisha akanipokonya kurunzi kwa ule mkono wake usiokunjika, akasimama mbali kidogo na mlango, bila kugusa bati, akanimulikia. Nilivua viatu. Nilipiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, mara mbili, mpumbavu mzee. Nikafungua kwa ule ufunguo wa pili niliobaki nao tangu siku za matengenezo, nikaingia nikiwa nimeinamisha macho. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mtoto. Nguo zake ndogo zimekunjwa juu ya mto, na kanga nyingine ya mkeo, na viatu vyako vya kazini vimepangwa. Nilikunja godoro. Nilipiga magoti, nikainua ubao.

Waya umefungwa.

Umekwangua rangi kuzunguka bolti pande zote mbili, siyo upande mmoja kama ninavyofanya mimi. Umeuvika waya kikombe cha shaba na kukichomelea kwa risasi ya kuyeyusha. Umetia washa ya meno, nati mbili zimekazana, na juu yake umepaka grisi kidogo tu ili kutu isiingie. Halafu umechukua waya wa pili, ambao sikukuambia, ukaufunga upande mwingine wa fremu, ili wa kwanza ukikatika huu ubaki. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote. Haukucheza.

Nilikaa pale chini, na mama yako akahamishia kurunzi mkono wa kushoto kwa sababu ule wa kulia huchoka haraka. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mkeo na nimekuta ameshaokolewa na mumewe. Uliposema pale pake, ulikuwa unasema kweli, na ulikuwa unaniheshimu kwa kutosema zaidi. Ni mimi nilisikia uvivu mahali palipokuwa na adabu. Nilikupima kwa kosa langu la ujana, nikaona haiwezekani uwe bora kuliko nilivyokuwa. Umekuwa bora, na nimelijua hilo kwa kuvunja kitu ambacho wewe ulikitunza.

Nimerudisha ubao, nimelaza godoro, nimezipanga nguo za mtoto kama nilivyozikuta, au karibu. Ningeweza kunyamaza. Kwamboka pengine angehisi kitu kimesogezwa na asingesema, ni mwanamke mwenye haya. Zamani jambo kama hili lilipelekwa mbele ya wazee likasafishwa, na mimi ni mmoja wa wazee hao, sijui nitajipeleka wapi. Kwa hiyo nalileta kwako. Uamue wewe kama utamwambia mkeo. Uamue wewe pia kama utanisemesha kesho, au utawasha lori na kwenda. Sitakasirika.

Umri unanichosha, lakini kilichonichosha zaidi ni kulinda. Tangu siku ile ya Sotik sijalala nyumba yenye taa bila kwenda kugusa bolti zake. Nimewatazama watu wote niliowapenda nikiwaona wamesimama kwenye nyasi mbichi. Ni ugonjwa, Ombati. Usiurithi. Kazi uliyoifanya vizuri uiache ifanye kazi yake, ulale. Na Moraa atakapokuwa mtu mzima akakwambia amefunga, itikia, uende zako.

Kuhusu mambo ya umeme sina cha kukufundisha tena. Nilidhani ninacho mpaka saa hii.

Nasikia lori lenu linapanda kutoka barabarani, kwa hiyo namaliza. Mama yako amerudi jikoni na amenitengea chai. Barua hii nitaiweka kwenye kiti cha dereva, sitaingia tena mahali pengine pako. Ndani ya bahasha utakuta kitu kigumu. Ni ule ufunguo wa pili wa mlango wenu. Nimeutoa kwenye mkufu wangu wa funguo, na sikutengeneza mwingine.

Baba yako,
Nyakundi